Nani Aligusa Alama Yetu Nyekundu

Nilitaka kitu kimoja tu: alama moja kwenye ramani ya simu ibaki nyekundu. Sikutaka cheo, sikutaka shukrani, sikutaka fulana ya mradi. Alama nyekundu juu ya kisima cha avenue yetu, ili mtu aliyehamia juzi aione na apite na ndoo yake, aende mbele. Kwa ajili ya kitu hicho kidogo nimegombana na watu wazima, nimefungiwa mdomo kwenye kundi, nimeitwa mwanamke asiye na malezi, na siku moja nilimpokonya mzee simu mkononi mbele ya watu waliokaa kwenye kilio. Sijapoa bado. Anayetaka maneno laini asome kitu kingine.

Tunakaa commune Annexe, pembezoni mwa mji, upande ule ambako nyumba zimefika na mabomba hayajafika. Kati ya nyumba na nyumba kuna mahindi, na nyuma ya mahindi kuna choo cha jirani. Visima vilichimbwa kwanza, watu walipokuwa wachache. Vyoo vikaja baadaye, kila mmoja akichimba pale kiwanja chake kilipomruhusu. Kisima chetu kina choo upande wa juu, karibu kiasi kwamba ukisimama kuteka maji unasikia mlango wa bati ukifungwa. Mvua zikianza, maji yanakuwa na weupe kidogo, kama maji uliyooshea mchele. Wa zamani wanajua, wanachemsha. Mgeni hajui.

Ramani ililetwa na kijana wa mjini aliyesomea kompyuta. Sisi tunamwita Ingénieur, basi. Programu yake iko wazi, na maana yake alituelezea hivi siku ya kwanza, amesimama mbele yetu kwenye ukumbi wa parokia: maandishi yote yanayoiendesha yamewekwa kwenye mtandao, mtu yeyote duniani anaweza kuyasoma, kuyachukua bure, kuyarekebisha, kuyapeleka kwao. Haina mwenyewe. Nililipenda sana neno hilo. Nimesoma mpaka mwisho wa sekondari nikapata diplome yangu, halafu nikaolewa na kukaanga mikate. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kuna kitu kimetengenezwa na watu wenye akili na mimi naweza kuingiza mkono wangu ndani bila kugonga mlango. Baadaye ndipo nikaona: kwetu kitu kisicho na mwenyewe hakichelewi kupata wakubwa.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi. Kila kisima na kila bomba ni alama ya bluu. Ukikuta maji mabaya unaandika taarifa, alama inageuka nyekundu. Tatizo likiisha, msimamizi anafunga taarifa kwa kugusa alama ya vema, na rangi inarudi bluu. Ngazi zilikuwa mbili tu, mwanachama na msimamizi. Mwanachama anaandika. Msimamizi anafunga, anafuta, anamtoa mtu, anamrudisha.

Shida ilianza hapo hapo ukumbini. Kwetu chama chochote, hata cha kununua sufuria za harusi, kinaanza na vyeo. Président, vice, katibu, mhazini, washauri, na juu yao wote président d'honneur, mtu mzima ambaye hafanyi kitu lakini bila yeye mkutano hauna uso. Tulikuwa tumeshawachagua kabla Ingénieur hajamaliza kuunganisha waya zake. Halafu ikajulikana kwamba wote hao, kwenye mashine, watakuwa wanachama kama mimi.

"Ingénieur," vice akasema, "unataka mi nikuwe sawa na bamama ba mikate?"

Bamama ba mikate ndiyo mimi. Watu wakacheka.

"Vice, ile ni ruhusa ya mashini tu. Haiko cheo."

"Kama haiko cheo, ju ya nini unatunyima?"

Ingénieur akaomba simu zao. Ni kijana mwenye adabu, wazazi wake walikuja kutoka Kasai na walimlea kuinama mbele ya wakubwa. Akawapa wote usimamizi, mmoja baada ya mwingine, ili amani ipatikane na tupate kunywa munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi. Wa kwanza kupewa alikuwa Papa, président d'honneur wetu, mzee aliyestaafu baada ya kuongoza ofisi moja mjini miaka mingi. Alipokea simu yake kwa mikono miwili kama anapokea ushirika. Hakuna aliyeandika popote nani afanye nini na lini. Tulipiga makofi.

Mvua zilipoanza, binti yangu aliugua. Nyumbani mimi nachemsha maji, lakini mtoto anayecheza nje anakunywa kwenye kikombe cha mtu yeyote. Alilazwa, akatundikiwa chupa ya serumu, macho yakaingia ndani mpaka nikawa namwona bibi yangu aliyekufa akinitazama kutoka kwenye uso wa mtoto. Akapona. Muganga wa hospitali hakuzunguka: "Mama, ni mayi." Ni maji. Tulipotoka hospitali sikufika nyumbani kwanza. Nilisimama kisimani, mtoto mgongoni, nikaandika: "Choo kiko juu ya kisima. Mtoto wangu ametoka hospitali. Msinywe." Alama ikawa nyekundu. Nikapumua.

Mbele ya kiwanja chetu alikuwa amehamia mwanamke kutoka Kasomeno, na mume wake aliyepata kazi ya ulinzi. Alikuwa na mapacha, msichana na mvulana, walioanza kusimama kwa kushikana wao kwa wao, halafu wanaanguka pamoja. Hatukumuuliza jina. Ukizaa mapacha kwetu jina lako limeisha, wewe ni Mama Mapasa. Alikuwa mcheshi, anaongea na kuku wa jirani kama anaongea na mawifi zake, na mimi aliniita Yaya, dada yake mkubwa. Nilimwekea ramani kwenye simu yake mimi mwenyewe, nikamwonyesha na forage, kisima kirefu cha pampu kilichoko shuleni.

"Hapa, Mama Mapasa. Ikikuwa rouge, unapita. Unaenda paka ku forage ya masomo."

"Yaya, kule iko mbali! Na aba babili nibebe wapi, ku kichwa?"

"Ubebe ku kichwa. Chef wa avenue alisema batatia dawa na batafunika muzuri. Siku banamaliza, itakuwa bleu. Apo utateka."

Akacheka mpaka akashika tumbo. "Mawe! Kumbe kisima nayo iko na taa, ma-feux rouges, sawa vile barabara ya Ville!"

Kesho yake asubuhi nikapanda gari na binti yangu kwenda Sakania, kwa mama yangu, ambaye anafanya biashara ndogo ya mpakani na alitaka kumnenepesha mjukuu kwa macho yake. Kule simu yangu inashika mtandao wa ng'ambo, haifungui kitu. Sikuiangalia ramani. Kwa nini niiangalie? Niliiacha nyekundu.

Habari ilinikuta huko, kwa mdomo wa dereva aliyebeba mzigo wa mama. Msichana wa Mama Mapasa amekufa. Kuhara na kutapika, wakachelewa kupata gari, wakafika hospitali, haikusaidia. Mvulana bado yuko kitandani.

Nilirudi nikakuta turubai limetandazwa mbele ya nyumba yao, wanawake chini kwenye mikeka, wanaume kwenye viti vya plastiki. Nilipiga magoti mbele ya Mama Mapasa. Alikuwa ameshalia mpaka sauti imebaki kama ya mtu mwenye mafua. Hakunilaumu. Ingekuwa afadhali. Alinishika mkono na kurudia kama mtoto anayetaka aaminiwe:

"Yaya, ilikuwa bleu. Niliangaria. Kwanza niliangaria, njo nikateka. Ilikuwa bleu."

Nikatoa simu palepale mkekani. Ilikuwa bluu. Chef wa avenue, mkuu wa mtaa wetu, hakutia dawa yoyote, kifuniko hakuna, mlango wa choo unalia kama zamani, na kisima chetu kinang'aa bluu kama bahari ya kwenye kalenda.

Nikaandika kwenye kundi la mradi: "Nani aligusa alama nyekundu ya avenue yetu?" Nikapata vipicha vya mikono iliyokunjwa kwa sala. Nikapata "Courage, maman." Nikapata mstari wa Biblia. Halafu swali langu likatoweka. Nikaliandika tena. Likatoweka tena. Baadaye nilijua ni katibu aliyelifuta, kwa sababu aliona kundi ni la maji na mambo ya kilio yana kundi lake. Siku ile sikujua. Siku ile nilijua tu kwamba kuna mtu ndani ya simu yangu anafuta maneno yangu, na mtu huyo, kwa akili yangu, ndiye aliyegeuza rangi. Nililala nikimtafuta usoni mwa kila msimamizi. Vice, kwa sababu ana kiburi. Mhazini, kwa sababu mwenye kisima ni shemeji yake. Niliwahukumu wote.

Asubuhi kulipokucha nikaandika taarifa mpya. Sikuipamba. "Kisima kimeua mtoto. Msinywe." Nyekundu.

Watu wa mradi walikuja kilioni jua lilipopanda. Papa alikuwa mbele, koti lake la kijivu limepigwa pasi. Akampa mkono baba wa marehemu, akakaa kitako muda mrefu bila kusema, jinsi mtu mzima anavyokaa. Nilimletea maji ya kunawa. Nikapata ujasiri wa kumuuliza yeye, kwa sababu katika wote ni yeye peke yake sikumshuku.

"Papa, weye uko msimamizi. Unaweza kuniambia nani anafungaka ma-taarifa?"

Uso wake ukafunguka kidogo, kama mtu anayeulizwa habari ya shamba lake.

"Mwanangu, mi kila asubui ninapita. Yote. Siruke hata moja. Bantu banaandika mateso yabo, lazima bayue mukubwa anaisha kuona. Ku bureau ilikuwa vile. Karatasi yote inapita kwangu, ninaweka alama yangu pembeni, njo inaenda. Karatasi yenye haiko na alama ya mukubwa ni sawa muntu mwenye hakusalimiwa."

Akavaa miwani. Akatoa simu kwenye mfuko wa ndani wa koti, akaifungua kwa kidole kimoja, polepole. Taarifa yangu ilikuwa ya juu kabisa. Aliisoma kwa sauti, neno kwa neno, na aliposema "mtoto" akatikisa kichwa na macho yakamlowa. Hakuwa anaigiza.

"Ee, Mungu wangu," akasema. "Huzuni gani hii."

Na akagusa alama ya vema.

Niliona rangi ikibadilika. Nyekundu ikaenda, bluu ikaja. Nyuma ya bega lake, kwenye kona ya kiwanja, wanawake wawili walikuwa wanavuta kamba ya kisima kilekile, wanajaza sufuria ya bukari, ugali wa kilio.

Nilimpokonya simu. Sijui niliinukaje.

"Papa, unafanya nini? Unaona ile rangi? Unaiona?"

"Ninaiona, mwanangu. Njo rangi ya kusema ninaisha kupita."

Tangu siku ile ya ukumbini, alama ya vema kwake ilisema tu: nimeshapita. Kila asubuhi, kwa heshima, kwa huruma, bila kukosa hata siku ya homa. Kila bomba lililooza, kila kisima chenye chura aliyekufa ndani, watu wanaandika na Papa anapita nyuma yao anawapa alama ya mkubwa, na Annexe yote inarudi bluu. Sisi tulikuwa tunasema mradi unaendelea vizuri, matatizo yanatatuliwa upesi! Kuna mkutano tulimpigia Ingénieur makofi kwa sababu hiyo.

"Ni weye," nikasema. Halafu nikapiga kelele. "Ni weye njo ulimuambia uyu mama akunywe! Muzee mupumbafu! Kidole yako!"

Kilio kikanyamaza. Hata waliokuwa wanalia walinyamaza, na hilo sijawahi kuliona kwingine.

"We mutoto, funga kinywa!" shangazi mmoja wa marehemu akanirukia. "Uyu ni baba yako!"

"Baba yangu hawezi kufanya vile!"

"Ondoka apa! Umesoma, umesoma, na malezi uliacha wapi?"

Papa alisimama. Akanyoosha mikono yake miwili kuomba simu, kama mtu anayeomba chakula kwa jirani. Nikaiweka juu ya viganja vyake. Akaondoka na miwani bado imekaa puani, akitafuta njia kati ya mikeka, na hakuna aliyethubutu kumsindikiza wala kumzuia. Mama Mapasa hakuinua kichwa.

Kesho yake simu yangu ikaniandikia kwamba sina ruhusa ya kuandika. Kwenye kundi, hapana. Kwenye ramani pia, hapana. Nilikuwa nimetolewa. Na nani? Haijaandikwa. Kwa sheria gani? Hakuna. Kwa muda gani? Mungu anajua. Na kisima bado bluu, kwa sababu alama ile ya vema ya mwisho, ya kilioni, hakuna aliyeiondoa. Wote walikuwa wanashughulika na aibu ya Papa. Aibu ya Papa ilikuwa na wasimamizi karibu kumi. Kisima hakikuwa na hata mmoja.

Basi nikaenda kusimama kisimani kwa miguu yangu. Asubuhi, kabla ya mikate, na jioni. Kila anayekuja namwambia kwa mdomo. Wanawake wakaanza kunitania, wakaniita Madame Couleur, mama wa rangi.

"Madame Couleur, leo unasemaka nini?"

"Ile ile. Chemsha ao pita."

"Na makala ya kuchemsha, utatupatia weye?"

Mkaa wa kuwapa wote sikuwa nao. Sina mpaka leo.

Ingénieur alikuja nyumbani siku kilio kilipoondolewa. Alikaa kwenye kiti kidogo cha jikoni, magoti yake yamefika kifuani, nami naendelea kukanda unga. Sikumpa kitu cha kunywa.

"Maman, bakubwa banakasirika sana. Uende paka kuomba pardon, bitaisha."

"Nani alinifunga?"

"Siyui."

"Hauyui? Mashini ni ya kwako."

"Maman, kila msimamizi anaweza. Na mashini haiandikake nani. Sikufikiria."

"Sheria inasema nini juu ya kumufunga muntu?"

Akatazama mikono yake. "Hakuna sheria. Tulikuwa tunafanya na kusikilizana."

"Tulisikilizana na nani? Na ule mutoto?"

Akavuta kiti karibu. Halafu akainama, akashusha sauti, kama vile kuta za matofali zingemsikia.

"Nitakufungulia mi mwenyewe. Leo. Kimya kimya."

Hapo ndipo hasira yangu ilipopata sura. Mpaka wakati ule ilikuwa moto tu, inachoma popote. Nikaacha unga.

"Hapana. Ukinifungulia kimya kimya, kesho mwingine ananifunga kimya kimya. Uandike. Nani anaweza kufunga taarifa. Nani anaweza kufuta maneno ya muntu, na aseme sababu, na jina yake ionekane. Nani anaweza kumutosha muntu inje, na kwa siku ngapi. Uandike, bantu bote basome, njo unifungulie kwa ile sheria ao uniache inje kwa ile sheria."

"Na kisima, kwa leo?"

"Kisima unaenda kuangaria na macho yako."

Unajua hakuwahi kukiona? Ametengeneza ramani ya visima vyote vya Annexe na viatu vyake havikuwahi kufika hata kwenye kimoja upande wetu. Nilimshika mkono wa shati, na unga vidoleni, nikampeleka. Aliinama juu ya ukingo. Mlango wa choo ukalia. Akainua kichwa, akapima kwa macho, kisima, choo, kisima. Akatoa simu na kukirudisha nyekundu yeye mwenyewe, viatu vyake vikiwa ndani ya matope. Nilifurahi kuviona vimechafuka. Mwacheni achafuke.

Mkutano ulifanyika ukumbini, Jumapili baada ya misa. Ingénieur aliandika sheria kwa Kifaransa na kwa Kiswahili chetu, akazisoma kwa sauti. Cheo kibaki cheo, ruhusa iwe kitu kingine. Mtu ambaye hajafika kisimani asifunge taarifa ya kisima. Anayefuta ujumbe aandike kwa nini, na jina lake lionekane kwa wote. Alama nyekundu nayo isikae kwa mazoea. Kila avenue iwe na mlinzi wa alama yake, aende kuithibitisha kwa miguu kila wiki. Na ruhusa za usimamizi zirudishwe zote, zigawanywe upya kwa wanaofanya kazi.

"Kwa hiyo munatutosha inje," vice akasema.

"Hapana, vice. Uko vice."

"Vice wa nini? Nitasema nini ku nyumba?"

Walibishana mpaka watoto wakalala kwenye benchi. Mhazini alitaka kujua kama mtu anaweza kufika kisimani kwa kumtuma mtoto wake. Katibu alisimama akasema ni yeye aliyefuta maneno yangu, na kwamba aliyafuta kwa nia njema. Nikamwambia nia njema ndiyo imejaa kwenye ule mradi, tungeweza kuimwaga kisimani. Wakanikaripia. Ndipo ikaja sheria ya matusi: anayemtukana mwenzake anyamazishwe wiki moja, na sababu iandikwe. Wote wakageuka kunitazama.

"Andikeni," nikasema. "Mimi wa kwanza."

Nikainua mkono kuipigia kura pamoja nao. Sikuomba msamaha. Mtu akiniuliza leo, sijaomba. Niliomba sheria, nikapewa, nikakaa ndani yake wiki nzima kama wengine watakavyokaa.

Papa alikuwa amekaa mstari wa mbele, koti lilelile. Hakusema chochote mpaka mwisho. Ingénieur alipochukua simu yake kuondoa ruhusa, aliitoa bila ubishi, kwa mikono miwili tena. Halafu akauliza, si kwa hasira, aliuliza kama mtu anayetaka kuelekezwa njia:

"Sasa mi nitaweka alama yangu wapi?"

Nilitazama sakafu. Niliona viatu vyake, vimepakwa rangi mpaka nyufa zimejaa.

Ingénieur hakuweza kulivumilia swali lile. Akaenda kutengeneza kitufe kipya, kidogo, pembeni ya kila taarifa, cha kusema tu "nimeona". Hakigeuzi rangi, hakifungi, hakimjulishi mtu. Nilimwambia anapoteza wakati. Yeye akakiweka, na asubuhi iliyofuata, chini ya taarifa ya kisima chetu, kulikuwa na alama ndogo ya kijivu. Halafu chini ya zote. Kila asubuhi mpaka leo.

Mama Mapasa alirudi Kasomeno mvulana alipopata nguvu ya kukaa. Nilimsindikiza mpaka kwenye gari. Mtoto alikuwa mgongoni, na alikuwa na tabia ya kunyoosha mkono upande, kushika kitu ambacho hakipo, halafu anautazama mkono wake. Bado tunamwita Mama Mapasa. Tumwite nani mwingine? Hakuniachia maneno ya kukumbuka. Alisema tu barabara itakuwa na matope.

Hivi karibuni mtu tusiyemjua, wa nchi nyingine, aliichukua programu yetu kwa ajili ya mabomba ya mji wake. Hiyo ndiyo maana ya kuwa wazi. Alituandikia kwa adabu. Sheria zetu amezipenda, ila ana maswali mawili. Kwanza, kwa nini msimamizi alazimishwe kufika kisimani, wakati inachelewesha kazi? Pili, kuna kitufe cha "nimeona" ambacho hakifanyi kitu chochote, anapendekeza kiondolewe.

Ingénieur alinitumia maswali yale nijibu mimi, kwa sababu siku hizi nina ruhusa, mimi ni mlinzi wa avenue. Jibu la kwanza nililiandika mara nyingi na kufuta. Niliandika habari ya mapacha, nikafuta. Si mali ya mtu wa mbali. Mwisho nikaacha sentensi moja: "Usiiondoe hiyo sheria, sisi tulianza bila hiyo." La pili lilinichukua muda mfupi zaidi. Niliandika: "Kiache." Hakuuliza kwa nini, na mimi nisingemwambia.

Jumamosi ni siku yangu ya kuthibitisha. Sheria inanifunga na mimi: siwezi kugusa nikiwa kitandani, lazima nifike. Dawa ya chef wa avenue bado inakuja. Nilifika nikakuta msichana mmoja, mgeni, tumbo lake limeshaanza kuonekana, amekaa juu ya ndoo yake anasubiri kamba.

"Tantine, leo iko rangi gani?"

"Rouge."

"Na forage ya masomo?"

"Imeharibika tangu juzi."

Akaitikia kwa kichwa. Nikagusa simu, nikathibitisha, alama ikabaki nyekundu kama nilivyotaka. Akainuka, akapokea kamba kwa mwenzake, akashusha ndoo.